Shura Chini ya Mchanga wa Tandale: Maelezo Juu ya Mzunguko wa Naitrojeni

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo sayansi, hewa iitwayo naitrojeni (wengine huandika nitrojeni, kwa kufuata herufi za Kiingereza badala ya matamshi yake) huonekana kama mgeni aliyeshuka pwani jana, asiye na ndugu wala jamaa. Jina limechukuliwa zima zima, likatiwa irabu mwishoni, na mtu asiyesoma kemia halimwambii kitu. Lakini likichunguzwa huonekana kuwa lina jamaa wa siku nyingi katika lugha hii. Mwaka 1772 Daniel Rutherford wa Edinburgh aliitenga hewa ambayo ndani yake mshumaa huzimika na panya hufa. Lavoisier wa Ufaransa akaiita kwa jina lililoundwa kwa Kiyunani, lenye maana ya kitu kisicho na uhai. Mwaka 1790 Mfaransa mwingine, Jean-Antoine Chaptal, akapendekeza jina jipya lenye maana ya izaayo nitro, kwa sababu ilikwisha kujulikana kwamba hewa hiyo imo katika chumvi itumikayo kufanyia baruti. Na chumvi hiyo Waswahili walikuwa nalo jina lake. Ni shura, neno lenye asili ya Kiajemi, nalo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, basi, naitrojeni ni mzaa shura.

Siku hizi neno shura halisikiki sana, maana gobori limekuwa nadra na baruti yake kadhalika. Kitu chenyewe hakikutoweka. Mkemia atasema kwamba shura hasa ni nitrati ya potasi, na kwamba sehemu yake ya maana hapa ni hiyo nitrati, yaani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni. Nitrati hutengenezwa kila siku, bila kukusudiwa na mtu yeyote, chini ya mitaa iliyosongamana ya Dar es Salaam. Kata ya Tandale, katika wilaya ya Kinondoni, yafaa kuwa mfano kwa sababu mbili: ina soko kubwa la nafaka na mazao ya jamii ya mikunde, na nyumba zake nyingi hutumia vyoo vya shimo. Mahali naitrojeni iingiapo na mahali itokeapo pako umbali wa kutembea kwa miguu.

Kwanza yapasa kueleza jinsi kitu kilicho tele kiwezavyo kuwa adimu. Katika kila sehemu mia za hewa, sabini na nane ni naitrojeni. Mkulima wa Mbozi asimamapo kondeni amezungukwa nayo, huivuta na kuitoa puani, wala haiufai mwili wake hata chembe. Hali yake ni ya baharia aliyeishiwa maji katikati ya bahari. Sababu ni kwamba atomu za naitrojeni hewani hukaa mbili mbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha kwahitaji nguvu nyingi mno. Mmea hauna nguvu hizo, wala mnyama, wala mtu. Na bila naitrojeni hakuna protini, wala ile kemikali ya urithi iliyomo katika kila seli, wala rangi ya kijani ya majani. Mmea wa mahindi ukiikosa, majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka nchani, manjano hiyo ikiufuata uti wa katikati ya jani, na wakulima husema kwamba ardhi imechoka.

Njia za kuvunja vifungo hivyo ni chache. Radi huvivunja, na mvua ikateremsha kiasi kidogo ardhini. Vijidudu fulani huvivunja polepole, na vilivyo mashuhuri miongoni mwao ni vile viishivyo katika vinundu vya mizizi ya kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe na maharage. Mmea huvipa vijidudu sukari, navyo huupa mmea naitrojeni iliyokwisha kugeuzwa kuwa amonia. Jambo hili lilithibitishwa Ujerumani na Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth katika miaka ya 1886 hadi 1888, ingawa wakulima wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakichanganya mtama na kunde katika shamba moja pasipo kungoja uthibitisho huo. Haifai kulitukuza jambo hili kupita kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni iliyopatikana huondoka shambani pamoja na punje zivunwazo. Kibakicho kwa zao lifuatalo ni kile kilichomo mizizini na katika majani, iwapo majani hayakuliwa na mbuzi.

Njia ya tatu ni kazi ya mwanadamu. Mwaka 1909 Fritz Haber, akiwa Karlsruhe, aliweza kuiunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kwa joto kali na kani kubwa, na mwaka 1913 Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda huko Oppau. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia hivi leo hula chakula kilichostawishwa kwa naitrojeni iliyopatikana kwa njia hii. Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea huko Tanga, kilichofanya kazi tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 1991. Baada ya hapo nchi ilitegemea sana mbolea ya naitrojeni iletwayo kwa meli, na bei ilipopanda mno duniani, serikali iliweka ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa mkulima mdogo mfuko huo ni mali ya kufikiriwa mara mbili.

Sasa yafaa kuifuata naitrojeni hiyo itokapo shambani. Gunia la mahindi la kilo 100 lina karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni. Gunia la maharage la uzito huo huo lina karibu kilo tatu na nusu, maana maharage yana protini nyingi zaidi. Malori yanayoingia soko la Tandale kutoka nyanda za juu za kusini na mikoa mingine huleta mahindi, mchele, maharage, mbaazi na choroko. Mwenye kusimama sokoni huona wachukuzi, mizani, vumbi la pumba na wanawake wanaopepeta. Haioni rutuba ya Mbozi ikishushwa mgongoni mwa mtu. Hata hivyo ndiyo ishushwayo, na haijulikani gunia hata moja lililorudi huko likiwa limejaa.

Si magunia yote yaliwayo Tandale, kwa kuwa soko hulisha jiji zima. Lakini hesabu yaweza kufanywa kwa upande wa walaji. Mwili wa mtu mzima hauweki akiba ya naitrojeni. Kiasi aingizacho kwa chakula ndicho atoacho, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walikadiria kwamba mtu mmoja nchini Uganda, ambako chakula hakitofautiani sana na cha Tanzania, hutoa kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Tandale watu 54,781. Zidisha, na jawabu ni tani 137 hivi kila mwaka, kiasi kilichomo katika mifuko 6,000 ya urea pungufu kidogo. Hayo ni makadirio tu. Lakini ni makadirio yatoshayo kuonyesha ukubwa wa jambo: kila mwaka, katika kata moja isiyo na shamba la kutajika, huzikwa mbolea ya kulisha mashamba mengi.

Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno kwa yale yatokeayo baada ya hapo. Oza na -bovu hutoka katika shina moja la Kibantu, na mbolea nayo yaonekana kuwa mtoto wa shina hilo hilo. Kwa hiyo waliolitunga neno walikwisha kuona kwamba kilichooza ndicho kistawishacho. Samadi, iliyotoka Kiarabu, hushika zaidi kinyesi cha mifugo. Mpaka kati ya maneno haya na neno mavi ni mpaka wa adabu na mahali kuliko wa asili ya kitu: kilichoko shambani ni mbolea, na kilichoko uani ni uchafu. Kemia haiutambui mpaka huo.

Mkojo una urea, sawa na ile ya mfukoni. Ukimwagika shimoni, vijidudu huivunja urea kuwa amonia katika muda mfupi, na ndiyo harufu iwashayo macho chooni. Amonia ikipata hewa hupitia mikono miwili: kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kwamba kazi hii ni ya viumbe hai kulithibitishwa na Wafaransa Théophile Schloesing na Achille Müntz mwaka 1877. Walipitisha maji machafu ya jiji polepole katika bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku ishirini hivi hakikutokea kitu. Kisha nitrati ikaanza kutoka chini. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi ikakoma, kwa kuwa wafanya kazi wamelazwa. Baadaye Sergei Winogradsky aliwatenga wafanya kazi wenyewe na kuwaonyesha.

Yeyote ajuaye ardhi ya Dar es Salaam hataacha kushangazwa na jaribio la Schloesing na Müntz, maana ni Tandale iliyotiwa katika bomba. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga, na mabondeni maji ya ardhini hayako mbali. Mashimo ya vyoo hujengewa kwa matofali ya saruji, na penye uhaba kwa mapipa au matairi ya gari, na sakafu ya shimo aghalabu huachwa wazi ili maji yanywewe na ardhi. Hivyo maji machafu hupita mchangani polepole, kama yalivyopitishwa katika maabara, na yale ya chini hutoka na nitrati. Wala si Wafaransa hao waliokuwa wa kwanza kuitumia hali hii. Mwaka 1626 mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliwaamuru raia wake waweke akiba ya mkojo kwa ajili ya shura ya baruti, na wachimba shura wa zamani zile waliruhusiwa kufukua sakafu za mazizi na za nyumba za watu. Wangefika Tandale wangefurahi.

Nitrati ina tabia moja inayoitofautisha na takriban kila kitu kingine kilichomo shimoni. Mchanga waweza kuvizuia vijidudu vingi vya maradhi, iwapo kuna umbali wa kutosha kati ya choo na kisima. Amonia nayo hushikwa na udongo kwa kiasi fulani. Nitrati haishikwi. Huyeyuka na kwenda na maji popote yaendako, na penye viwanja vidogo safari si ndefu, kwa kuwa choo cha jirani chaweza kuwa karibu na kisima kuliko choo cha mwenye kisima.

Visima viliongezeka sana jijini baada ya ukame wa mwaka 1997, vilipochimbwa kwa wingi kuokoa hali. Mabomba ya DAWASA yameenea tangu wakati huo, lakini Mto Ruvu ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022 maji yalipogawiwa kwa zamu, watu hurudia visima. Uchafuzi wa maji ya ardhini ya Dar es Salaam ulichunguzwa kwa kina na Rubhera Mato katika tasnifu yake iliyotolewa Eindhoven mwaka 2002, na nitrati ni miongoni mwa mambo aliyoyapima.

Hapa lugha yapasa kutazamwa kwa makini, maana ndiyo kipimo alichonacho mtu asiye na maabara. Wakazi wa Dar es Salaam huyagawa maji kwa ulimi. Yako maji ya chumvi, ambayo hufulia na kudekia. Yako maji baridi, ambayo si lazima yawe na ubaridi wowote, bali ni yale yasiyo na chumvi, ya kunywa na kupikia. Mgawanyo huu ni wa busara na umewafaa watu kwa karne nyingi, kwa sababu adui wa visima vya pwani alikuwa bahari. Lakini shura, kwa kiasi kitoshacho kudhuru, haionjeki, haina rangi wala harufu. Kisima chaweza kuitwa cha maji baridi na kikawa na nitrati mara mbili ya kikomo. Desturi ya kuchemsha, ambayo ni ngao kwa maradhi mengine, haisaidii kitu hapa, bali huzidisha, maana maji hupungua kwa mvuke na nitrati hubaki sufuriani. Dawa ya klorini haiigusi. Kitambaa cha kuchujia hakiioni.

Anayedhurika kwanza ni mtoto mchanga asiyenyonya. Mwaka 1945 Hunter Comly, daktari wa Iowa huko Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati midomoni na kuchani, nao walikuwa wamelishwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Tumboni mwa mtoto wa miezi michache nitrati hugeuzwa kuwa nitriti. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu ile chuma ibebayo oksijeni, hata mtoto akawa anavuta pumzi sawasawa na huku mwili wake unakosa hewa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji kwa ajili ya hatari hii. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee amekingika, hata mama akinywa maji ya kisima hicho. Mashaka huanza mtoto akosapo maziwa ya mama na kulishwa ya unga, au apewapo uji kabla ya wakati wake, kwa maji yaliyochemshwa kwa uangalifu na mapenzi yote.

Pamoja na hayo, si haki kuiweka shura mbele ya maradhi yenye kuua wengi zaidi. Kipindupindu kilichozuka Kinondoni mwezi Agosti 2015 hakikusababishwa na nitrati. Ila nitrati nyingi katika kisima cha mtaani ni mpelelezi mwaminifu: huonyesha kwamba maji ya chooni yamekwisha kupata njia, hata siku ile vijidudu havijaonekana.

Si naitrojeni yote inayoteremka chini. Shimo likijaa, kuna magari ya kunyonya kwa mwenye uwezo na mwenye njia ya kupitisha gari; na penye vichochoro kuna watu waingiao shimoni na ndoo, ambao jiji limewapa jina la vyura. Na iko njia ya tatu, ya usiku wa mvua kubwa, iitwayo kutapisha. Shimo hutobolewa ubavuni, na maji ya mafuriko huchukua yaliyomo. Neno hili lastahili kuangaliwa na watunga istilahi. Halina chembe ya ugeni, limeundwa kwa kanuni iliyo wazi ya kunyambua kitenzi, nalo limekifanya choo kuwa mgonjwa aliyeshiba hata akalazimishwa kutoa. Kwa upande mwingine, istilahi rasmi, mzunguko wa naitrojeni, ingawa ni tafsiri sahihi, hudanganya kidogo. Huleta mbele ya macho mchoro wa vitabu vya shule, wenye mishale inayorudi ilikotoka. Mshale wa kutoka Tandale kwenda Mbozi haupo. Ilipo ni njia ya upande mmoja, na pengo lililoachwa shambani huzibwa, likizibwa, kwa mfuko wa urea uliotoka ng'ambo.

Kilichotapishwa huingia katika Mto Ng'ombe, ambao hupita Tandale na baadaye huungana na Msimbazi. Wakulima wa mchicha katika bonde la Msimbazi humwagilia maji hayo, na mchicha hustawi kwa kijani kibichi ambacho sababu yake haina siri. Hiyo ndiyo sehemu ndogo inayorudi kuwa chakula, na hurudi pamoja na vijidudu na madini ya viwandani. Majini, naitrojeni huotesha mwani, mwani hufa na kuoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ambayo samaki waliitegemea.

Lakini palipo na tope lisilo na hewa huanza kazi nyingine, ambayo Ulysse Gayon na Gabriel Dupetit waliieleza huko Bordeaux mwaka 1886. Viko vijidudu ambavyo, vikikosa oksijeni ya kuvuta, huinyang'anya nitrati oksijeni yake, na naitrojeni ikaachiliwa kurudi hewani mbili mbili kama ilivyokuwa mwanzo. Kazi isipokamilika hutoka gesi nyingine yenye naitrojeni mbili na oksijeni moja, ambayo kilo kwa kilo hushika joto la dunia kupita hewa ya ukaa mara 270 hivi kwa kipimo cha miaka mia. Kazi hii hufanyika chini ya mashimo yaliyojaa maji, hufanyika mabondeni, na hufanyika hasa katika tope la mikoko mdomoni mwa Msimbazi, karibu na Daraja la Selander. Sehemu ya naitrojeni iliyopimwa katika mizani ya soko la Tandale ndani ya gunia la maharage huondokea hapo. Nyingine hupita chini ya daraja na kuingia baharini pamoja na maji kupwa.